Michael Grzimek na Filamu ya Serengeti: Maisha ya Mtayarishaji Filamu na Ardhi ya Olbalbal

1.0 Utangulizi

Olbalbal ni bonde tambarare lililo chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, upande unaotazama Serengeti. Huko ndiko unakoishia mto wa msimu unaopita katika Korongo la Oldupai: maji hutoka upande wa maziwa ya Ndutu na Masek, hupita korongoni kuelekea mashariki, kisha hutulia katika bonde hili na kuwa ziwa la kina kifupi ambalo kiangazi hulikausha. Wakazi wake ni Wamaasai wafugaji, na bonde lenyewe ni sehemu ya mzunguko wa malisho yao kati ya nyanda za juu na mbuga za chini. Wanajiolojia na wanaakiolojia hulitaja mara kwa mara kwa sababu ya ujirani wake na korongo. Wanaoandika juu ya sinema hawalitaji, ingawa ni juu ya nchi hiihii, katika miaka ya 1958 na 1959, ilipopigwa filamu iliyoifanya Serengeti ijulikane kwa mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kufika Afrika.

Makala haya yanaeleza maisha na kazi ya Michael Grzimek, mmoja wa watayarishaji wa filamu hiyo, aliyefariki akiwa na umri wa miaka 24 kabla haijaonyeshwa. Haiwezekani kumweleza yeye bila kumweleza baba yake, Bernhard Grzimek, kwa kuwa katika ukoo huo nyumba na kazi havikutenganishwa. Hoja inayojengwa ni kwamba filamu yao ilizaliwa ndani ya mgogoro wa mipaka ambamo wenyewe walishindwa. Na kwamba walichokipoteza katika sheria, filamu ilikishinda katika fikra za watu. Wakazi wa Olbalbal wameishi kati ya mambo hayo mawili tangu wakati huo.

2.0 Nyumba iliyolea wanyama

Bernhard Grzimek alizaliwa tarehe 24 Aprili 1909 katika mji wa Neisse, Silesia, ambao leo uko nchini Poland na huitwa Nysa. Alisomea udaktari wa mifugo na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1933. Alimwoa Hildegard Prüfer mwaka 1930, na Michael, mmoja wa watoto wao, alizaliwa tarehe 12 Aprili 1934 mjini Berlin. Katika enzi ya Wanazi Bernhard alikuwa mtumishi wa wizara iliyoshughulikia chakula, na alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1937. Baada ya vita alikana uanachama huo, na jambo hilo lilimfanya aondolewe kazini kwa muda na watawala wa Kimarekani mwishoni mwa miaka ya 1940, kisha akarudishwa. Si sahihi kuuficha ukweli huu, kama baadhi ya wasifu wake wa awali ulivyofanya. Wala si sahihi kuudhani kuwa ndio ufunguo wa kila alichokifanya baadaye.

Mei 1945 alikabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt, iliyokuwa magofu baada ya mabomu. Akaiongoza hadi mwaka 1974. Familia iliishi pamoja na bustani hiyo kwa maana halisi ya neno: Hildegard alilea nyumbani watoto wa sokwe na gorila, na Michael alikulia mahali ambapo mgeni mezani angeweza kuwa mnyama. Mwaka 1951, akiwa bado kijana wa shule, alifuatana na baba yake hadi Ivory Coast. Baadaye walikwenda Kongo kutafuta okapi, na kutokana na mnyama huyo Michael aliipa kampuni yake ya filamu jina la Okapia.

Hapa inafaa kusimama kidogo katika neno lenyewe. Kiswahili hutofautisha mwongozaji, anayeelekeza yanayoonekana katika picha, na mtayarishaji, anayehakikisha kuwa picha inawezekana: fedha, vyombo, vibali, watu, na soko baada ya kazi kumalizika. Michael alikuwa mtayarishaji kwa tabia hata kabla ya kuwa na kampuni. Baba alikuwa mwandishi mwenye jina. Mwaka 1954 alikuwa ametoa kitabu juu ya safari ya Kongo, *Kein Platz für wilde Tiere*, yaani ‘Hakuna nafasi kwa wanyamapori’. Mwana ndiye aliyesukuma kitabu hicho kigeuzwe filamu, wakati wazee wengi wa biashara ya sinema waliamini kwamba watu hawatalipa kiingilio kuona wanyama wasiouawa. Filamu ilitoka mwaka 1956, ikatuzwa katika tamasha la Berlin, na ikaingiza fedha. Mwaka huohuo baba alianza kipindi cha televisheni, *Ein Platz für Tiere*, ‘Mahali pa wanyama’, kilichoendelea hadi kifo chake.

Msomaji ataona kwamba anwani zote mbili zimejengwa juu ya neno moja la Kijerumani, *Platz*. Kiswahili hulazimika kuligawa. ‘Nafasi’ ni kitu kinachoweza kuisha. ‘Mahali’ ni pale palipo, pawe na mtu pasiwe na mtu. Aidha sarufi yetu hairuhusu mahali pasemwe bila kubainisha kama ni pa-, ku- au mu-: pale hasa, huko kwa jumla, au mle ndani. Anayetazama nchi kutoka angani huiona kwa ku-. Anayechunga ndani yake huijua kwa mu-. Tofauti hiyo ndogo ya viambishi inaonyesha vizuri kilichofuata Tanganyika.

3.0 Fedha za filamu na hesabu ya wanyama

Kwa faida ya filamu ya kwanza, baba na mwana walitaka kununua ardhi ili kupanua hifadhi katika Tanganyika. Kanali Peter Molloy, aliyekuwa mkurugenzi wa hifadhi za taifa za Tanganyika, aliwashauri jambo jingine: wahesabu wanyama wa Serengeti na kufuata njia zao, kwa kuwa serikali ilikuwa karibu kubadili mipaka bila kujua wanyama wanakwenda wapi.

Mgogoro huo ulikuwa umeanza miaka kadhaa kabla. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951, ilichukua mbuga za magharibi pamoja na nyanda za juu za Ngorongoro na kreta yake. Olbalbal ilikuwa ndani. Wamaasai walikuwa wameahidiwa kwamba haki zao za kukaa zisingeguswa, na punde wakaona zinaguswa. Mwaka 1956 serikali ilitoa waraka wa kupunguza hifadhi. Wahifadhi wa Ulaya na Marekani wakapinga kwa nguvu. Kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na Sir Barclay Nihill ikaundwa mwaka 1957. Pendekezo lililotoka humo lilikuwa kugawa: mbuga za magharibi ziwe hifadhi isiyo na watu, na upande wa mashariki, yaani Ngorongoro, Olbalbal na Oldupai, uwe eneo la aina nyingine ambamo watu, mifugo na wanyamapori wakae pamoja.

Kina Grzimek walijifunza urubani kwa ajili ya kazi hiyo. Desemba 1957 waliondoka Ujerumani kwa ndege ndogo aina ya Dornier Do 27, iliyopakwa milia ya pundamilia na kuandikwa D-ENTE. *Ente* kwa Kijerumani ni bata. Kambi yao kuu ilikuwa Banagi. Januari 1958 waliruka kwa mistari sambamba juu ya mbuga nzima, wakihesabu kwa macho. Jumla waliyoitoa ilikuwa wanyama wakubwa 366,980, kati yao nyumbu 99,481 na pundamilia 57,199. Hesabu hiyo iliushtua ulimwengu, kwani makadirio ya awali yalizungumzia wanyama zaidi ya milioni. Jambo la pili waliloligundua lilikuwa na uzito zaidi kwa mgogoro: makundi hayakuiheshimu mipaka iliyopangwa. Katika majira ya mvua yalikwenda mashariki, kwenye majani mafupi, katika nchi ileile iliyokuwa ikitolewa nje ya hifadhi.

Namba zile zenyewe hazikudumu. Hesabu ya mwaka 1961 ilipata nyumbu zaidi ya laki mbili, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya milioni moja. Ni kweli kwamba macho ya watu wawili ndani ya ndege hayawezi kuona kila mnyama, lakini ongezeko hilo lina sababu nyingine kubwa, nayo inastahili kukaziwa. Sotoka, ugonjwa uliowaua ng’ombe na nyumbu kwa pamoja tangu miaka ya 1890, ulitoweka katika mbuga hizo mapema katika miaka ya 1960 baada ya ng’ombe wa wafugaji wa pembezoni kuchanjwa. Nyumbu hawakuchanjwa, walipona kwa sababu ng’ombe walipona. Filamu iliyokuwa ikitayarishwa iliwaonyesha ng’ombe kama washindani wa wanyamapori. Ndani ya miaka michache ilidhihirika kwamba afya ya ng’ombe hao ndiyo iliyowaongeza nyumbu kuliko mpaka wowote uliochorwa.

4.0 Tarehe 10 Januari 1959

Upigaji wa picha uliendelea sambamba na utafiti. Ndege ilikuwa chombo cha kuhesabia na pia jukwaa la kamera, na Michael alikuwa rubani, mpiga picha, mtayarishaji na mhasibu kwa wakati mmoja. Miongoni mwa wasaidizi wake alikuwamo kijana Alan Root, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wapiga picha mashuhuri wa wanyama katika Afrika Mashariki.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa akiruka peke yake. Ndege yake iligongana na tai mkubwa. Bawa likaharibika, nyaya za usukani zikakwama, na ndege ikaanguka. Alikufa papo hapo. Nyumbani Frankfurt alimwacha mkewe, Erika, akiwa na mtoto mdogo na ujauzito wa mtoto ambaye baba yake hakumwona. Alizikwa kwenye ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, na juu ya kaburi ukajengwa mnara wa mawe wenye umbo la piramidi, ukiwa na maandishi yanayosema kuwa aliwapa wanyamapori wa Afrika vyote alivyokuwa navyo, pamoja na uhai wake.

Siku alipozikwa, mahali hapo palikuwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Julai mwaka huohuo sheria mpya ilianza kutumika, na kaburi, kreta, Oldupai na Olbalbal vikawa nje ya Serengeti, katika Eneo la Hifadhi la Ngorongoro lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 8,300. Kwa fidia, Serengeti iliongezewa ardhi upande wa kaskazini hadi mpaka wa Kenya. Mgawanyo ambao Michael alikuwa akiupinga kwa namba na kwa kamera ndio uliomwacha amelala upande wa wafugaji.

Bernhard aliikamilisha filamu katika miezi iliyofuata. Haikuwa tena taarifa ya utafiti. Ilikuwa wosia, na ndivyo ilivyopokewa. *Serengeti darf nicht sterben*, ‘Serengeti isife’, ilitoka mwaka 1959 pamoja na kitabu cha jina hilo. Mwaka 1960 ikapewa tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya kumbukumbu. Kitabu kilitafsiriwa katika lugha nyingi. Mtazamaji alionyeshwa kivuli cha ndege yenye milia kikiteleza juu ya makundi ya wanyama, na aliyekuwa akiruka alikwisha kufa. Ni vigumu kubishana na filamu ya namna hiyo. Wachache walijaribu.

Inafaa kuongeza, kwa pembeni, kwamba mwaka huo kamera iligusa historia ya bonde hili mara ya pili. Julai 1959 Louis na Mary Leakey, wakiwa Oldupai, waliahirisha uchimbaji kwa siku chache wakimngoja mpiga picha Des Bartlett aje kuurekodi tangu mwanzo. Mary hakukaa bure. Tarehe 17 Julai alitoka kutembea na kuliona fuvu ambalo liliitwa Zinjanthropus. Kwa hakika korongo lenyewe lilipata jina lake la kimataifa, Olduvai, kwa kusikiwa vibaya: kwa Kimaasai ni *oldupai*, mkonge wa porini unaoota huko.

5.0 Yaliyobaki nje ya picha

Msimamo wa kina Grzimek kuhusu watu ulikuwa wazi na haukufichwa. Hifadhi ya taifa, kwa maoni yao, haipaswi kukaliwa na mtu yeyote, awe Mzungu au mwenyeji. Walikiri kwamba Wamaasai si wawindaji wa nyama na kwamba wanyama wamedumu jirani nao kwa vizazi. Lakini walihofia idadi ya ng’ombe na matumizi ya maji. Walidai pia kwamba wanyama wa Serengeti ni urithi wa wanadamu wote, sawa na majengo makuu ya kale. Hoja hii ina heshima yake. Ina pia shimo: jengo la kale lina mlango na lina mwenyewe, na hakuna aliyependekeza kwamba Waathene wahamishwe ili Akropolisi isife.

Wakati filamu ikipigwa, wakazi wa upande wa magharibi walikuwa wakihama. Aprili 1958 wazee 12 wa Kimaasai waliweka alama zao kwenye mkataba wa kuachia haki ya kukaa Serengeti ya magharibi, ikiwamo Moru. Walihamia upande wa Ngorongoro na Loliondo kwa ahadi ya maji na huduma, na kwa ahadi kwamba huko wangekaa. Agosti 1959 Gavana Richard Turnbull aliwahutubia viongozi wa Wamaasai na kuwaambia kwamba, iwapo masilahi ya wanyama na ya wakazi yatagongana katika eneo hilo jipya, ya wakazi ndiyo yatakayotangulizwa. Mwaka mmoja, basi, ulitoa kauli mbili juu ya nchi moja. Filamu ilisema Serengeti ni moja na isiyo na watu. Sheria ilisema nusu yake ina wenyewe.

Kati ya kauli hizo, ya filamu ndiyo iliyosafiri. Bernhard alikuwa na kipindi cha televisheni kilichotazamwa na sehemu kubwa ya Wajerumani wa magharibi. Humo aliomba michango, na fedha zikaja Tanganyika kwa magari, ndege na mishahara ya askari wa wanyamapori. Mwenyewe alisimulia jinsi alivyotangaza kwenye kipindi safari za bei nafuu za kwenda Afrika Mashariki, ambazo hazikuwapo, hata makampuni ya usafiri, kwa kusumbuliwa na wateja, yakalazimika kuzianzisha. Maabara ya kumbukumbu ya Michael ilianzishwa Banagi mwaka 1962, na kutokana nayo ikakua taasisi ya utafiti ya Serengeti. Serikali ya Julius Nyerere iliyapokea mengi ya haya kwa moyo, kama Tamko la Arusha la Septemba 1961 juu ya wanyamapori lilivyoonyesha. Ingekuwa upuuzi kudai kwamba urithi wa filamu ni hasara tupu: bila fedha na umaarufu huo, huenda makundi ya nyumbu yangekuwa hadithi.

Lakini picha iliyotengenezwa kwa ajili ya Serengeti ilivuka mpaka na kuitawala Ngorongoro pia. Lugha yenyewe ilichangia. Kiswahili cha utawala kiliita yote mawili ‘hifadhi’: Hifadhi ya Taifa upande mmoja, Eneo la Hifadhi upande wa pili. Katika mazungumzo ya kila siku neno ‘eneo’ hudondoka, na linalobaki ni ‘hifadhi’ tu, ambamo mtu huonekana kuwa mvamizi. Tofauti iliyokuwa kiini cha mapatano ya 1958 na 1959 inategemea neno ambalo wasemaji wengi hulimeza. Mwaka 1974 wafugaji waliondolewa ndani ya kreta. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku katika eneo lote. Kikaruhusiwa tena mwaka 1992 kwa sababu ya njaa, kisha kikakatazwa upya mwaka 2009.

6.0 Baba baada ya mwana

Maisha ya Bernhard baada ya 1959 yalikuwa ya umaarufu mkubwa nje na ya mtikisiko ndani. Ndoa yake na Hildegard ilivunjika mwaka 1973. Mwaka 1978 alimwoa Erika, mjane wa Michael, na hivyo akawa baba wa kambo wa wajukuu wake mwenyewe. Jambo hili liliwashangaza wengi Ujerumani. Katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki mjane hurithiwa ndani ya ukoo ili watoto wasitawanyike, na msomaji wa huku hatalishangaa hilo. Atakalolishangaa ni kwamba mrithi alikuwa baba, si ndugu. Hata hivyo ni dhahiri kwamba mzee huyu hakuwahi kuiacha Januari ya 1959. Alirudi Serengeti mara kwa mara na aliendelea kuandika na kuchangisha kwa jina la mwanawe.

Alifariki tarehe 13 Machi 1987 mjini Frankfurt, akiwa katika onyesho la sarakasi la chui milia. Majivu yake yaliletwa Tanzania na kuzikwa ukingoni mwa kreta, karibu na Michael.

Barabara inayotoka Karatu hupanda msituni, hupita karibu na kaburi hilo, huzunguka kreta, kisha hushuka kuelekea mbugani. Olbalbal huonekana chini, upande wa kulia. Ndiyo barabara ya watalii wengi waendao Serengeti. Idadi ya wakazi wa eneo, iliyokuwa kama 8,000 mwaka 1959, imevuka 90,000. Mwaka 2022 Serikali ilianza kuwahamishia wakazi wanaojiandikisha katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, ikieleza kwamba idadi ya watu na mifugo imezidi uwezo wa ardhi. Wanaopinga wamekuwa wakirejea mkataba wa 1958 na hotuba ya Turnbull. Agosti 2024 tangazo la serikali liliviondoa vijiji na kata za tarafa ya Ngorongoro katika orodha rasmi. Maelfu ya wakazi walikusanyika kando ya barabara hiyohiyo ya Ngorongoro hadi Serengeti, wakiwaonyesha wasafiri mabango, na mwezi huohuo Mahakama Kuu mjini Arusha ilisitisha utekelezaji wa tangazo hilo.